Mkia wa Sigara Hauna Mwenyewe

Kijiwe cha Narung'ombe kina benchi moja tu, lililogongwa kwa mbao za kreti za vigae, na ubavuni bado lina maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Mudi Redio hushikilia kwamba yanasema "Karibuni wageni", na kwa kuwa hajatokea Mchina akakaa pale kunywa kahawa na kumbishia, habari imebaki hivyo. Jumatano hiyo baada ya alasiri, Kariakoo ikiwa imefurika watu na mafurushi, benchini walikaa watatu: Mudi mwenyewe katikati, Pantaleo muuza spea za magari kushoto, na Idrisa kulia. Wa nne, Ami Hafidhi, alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya dele la kahawa. Mbele yao, juu ya kipande cha boksi, lililazwa tarumbeta, kama mgonjwa aliyeletwa kwa waganga, ndugu wakisubiri jibu. Tarumbeta lilikuwa la Idrisa, ambaye mjini hapa wanamwita Mapafu. Na Jumamosi Idrisa alikuwa anamwoza binti yake, Wafa.

— Haya, leta ripoti, alisema Ami Hafidhi akipanga vikombe. Fundi wa Gerezani kasemaje?

— Kalijaza maji, kaziba huku, kaziba huku, kalitundika. Halivuji, alisema Idrisa. Hata tone.

— Huyo fundi kazingua, alisema Mudi. Kuna matundu ya maji na kuna matundu ya hewa. Hewa ni nyembamba, inapita pasipopita maji.

— Tarumbeta ni zima, Mudi. Kapiga na yeye, likalia mpaka mbuzi wa jirani akasimama.

Na hiyo ndiyo iliyomkata maini Idrisa. Njia nzima kutoka Gerezani alikuwa akiomba lipatikane tundu, hata dogo, hata la kuchomelea kwa vumbi la bati, maana tundu lina fundi wake.

Kwenye harusi za Magomeni, bendi ya akina Idrisa ina mtindo wake. Bibi harusi akivusha mguu kizingiti, ngoma zote zinanyamaza, linabaki tarumbeta moja, na tarumbeta hilo linashika mlio mmoja usiokatika mpaka biharusi aingie garini na mlango ufungwe. Wanawake hawapigi vigelegele kabla mlio haujaisha. Wanabana, wanatazamana, wengine na wao wanashika pumzi, halafu mlango wa gari ukigonga, mtaa mzima unalipuka. Idrisa ameushika mlio huo Tanga, kaushika Kigoma, kaushika Unguja. Kule Moroni, Ngazija, biharusi alifika hatua ya tatu akakumbuka amesahau mkoba, akarudi ndani, akatoka tena, na muda wote huo Idrisa akaendelea kupuliza, macho yakiona rangi ambazo hata kwenye maduka ya vitambaa hazijafika. Ndiko alikorudi na jina la Mapafu.

Wiki mbili zilizopita, kwenye harusi ya watu wa Mchikichini, mlio ulimkatikia Idrisa, biharusi akiwa bado yuko ngazini. Robert, mwenzake wa tarumbeta la pili, akawahi kuwapa ishara wapiga ngoma, wakaingia kwa fujo, na watu wakadhani ni staili mpya. Idrisa aliegemea ukuta wa choo cha watu huku moyo ukimpiga kama unataka kutoka kwenda kutafuta mwenye nyumba mwingine.

— Na daktari je? aliuliza Pantaleo. Si ulikwenda?

— Nilikwenda, alisema Idrisa, na licha ya yote akajikuta anaanza kucheka. Kanipa kibomba cha kupimia pumzi. Kasema, baba, vuta hewa, kisha puliza kwa nguvu zako zote. Nikasema moyoni, mama, leo umekutana na mwenye kazi yake. Nikalowesha midomo. Nikasimama kibendi, mguu mmoja mbele. Watu wa foleni wakaanza kuchungulia.

— Kikapasuka, alisema Mudi kwa matumaini.

— Nikapuliza mpaka kofia ikasogea. Nilipomaliza, yule dada ananitazama. Ananiambia, tayari baba, unaweza kuanza.

Mudi alicheka mpaka akapaliwa, na Mudi akipaliwa huwa hakomi upesi. Miaka yote hajawahi kuvuta sigara hata moja, lakini ana kikohozi cha kuazimisha watu watatu, na benchi zima limekubaliana kwamba kinaletwa na tangawizi ya Ami Hafidhi.

— Sasa kasema ni nini? aliuliza Ami Hafidhi.

— Kasema ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa, vidogo, vyembamba kama povu la sabuni. Moshi wa sigara unaviharibu taratibu, miaka nenda miaka rudi, na kilichoharibika hakishoneki. Kuna na vinyweleo vya kufagia uchafu. Lami ya sigara imevilaza, havifagii tena, ndiyo maana asubuhi nawaka kwa shida kama pikipiki iliyonyeshewa.

— Na huo moyo?

— Moyo ndiyo umenitisha, Ami. Kasema moshi una hewa ya sumu, ikiingia kwenye damu inakalia kiti cha hewa safi. Damu inazunguka mwili mzima imebeba abiria siye. Mishipa nayo inabana, inaota ukoko ndani. Moyo unasukuma, unasukuma, njia nyembamba. Siku ukoko ukibanduka, damu ikiganda pale, ndiyo ile unasikia fulani alikuwa mzima, kaingia kuoga, hakutoka.

Ami Hafidhi akaacha kupanga vikombe.

— Lakini wewe umeacha, alisema Pantaleo.

— Nimeacha tangu Ramadhani. Nikamwambia hivyo hivyo.

— Kasemaje?

— Kafurahi. Kanipa mkono. Kasema basi moyo utapata nafuu mapema, na kikohozi kitapungua, nirudi anipime tena. Nimerudi juzi. Kimepungua nini, kimeongezeka.

— Umeona sasa, alisema Mudi, na sauti yake ikapanda ngazi. Hapo ndipo penye jambo. Mtu kaacha, na anazidi kuumwa. Kwa hiyo siyo sigara.

Kwa neno hilo, kijiwe kikachangamka. Ami Hafidhi akamimina mzunguko mpya bila kuulizwa. Pantaleo akatoa sigara moja sikioni, aliyoinunua kwa mangi wa duka la kona, akaiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye mguu wa benchi kisitembee, akavuta kwa utulivu wa mtu mwenye hoja.

— Nisikilizeni mimi, alisema Pantaleo. Nimeuza spea miaka mingi. Gari likitumia oili chafu muda mrefu, ule uchafu unaziba nyufa za injini. Siku ukijifanya mstaarabu ukaweka oili mpya, safi, ya bei, injini inaanza kuvuja kila mahali. Kwa nini? Kwa sababu uchafu ndio uliokuwa unaishikilia. Mapafu alikuwa na lami. Lami imeziba nyufa, pumzi zinakaa. Kaacha ghafla, lami imekauka, sasa anavuja.

— Aisee, alisema Mudi, na ilimuuma kwamba hakulifikiria yeye.

— Kwa hiyo dawa ni nini? aliuliza Idrisa.

— Kuongezea kidogo kidogo. Si kuvuta. Kuongezea.

Kisha Pantaleo akafanya kama mila ya benchi inavyotaka, akampitishia Ami Hafidhi sigara. Pale Narung'ombe hakuna mtu anayemaliza sigara peke yake, huo ni uroho. Aliyenunua anakula kichwa. Kiuno kinakwenda kwa Ami Hafidhi, kwa heshima ya dele. Mkia, ile sehemu ya mwisho inayokaribia kuunguza kidole, zamani ulikuwa wa yeyote, lakini tangu Idrisa atangaze kwamba ameacha sigara, kila mtu amekuwa akimwekea yeye, kwa huruma, kama vile mgonjwa anavyowekewa mchuzi. Na sheria ya kijiwe ni kwamba mkia si sigara. Anayeuchukua havuti, anamsaidia mwenzake kuzima. Kutoka asubuhi hadi magharibi Idrisa alikuwa anasaidia watu wengi sana.

— Mimi nakataa mambo ya oili, alisema Mudi. Tazameni juu. Haya, tazameni.

Wakatazama. Juu kulikuwa na ghorofa, juu ya ghorofa ghorofa nyingine, na nyaya.

— Zamani hapa nyumba za chini, makuti, mabati. Hewa inatoka baharini inakuja moja kwa moja mpaka puani. Leo hewa ikifika Kariakoo inapokelewa na ghorofa ya kumi. Kila dirisha lina kiyoyozi, kinavuta fungu lake. Ghorofa ya tisa fungu lake, ya nane fungu lake. Huku chini sisi tunavuta makombo.

— Makombo ya hewa, alisema Pantaleo.

— Iliyotumika. Imeshapita kwa wahasibu. Huwezi kupigia tarumbeta hewa ya namna hiyo. Mapafu, nenda kajipimie ghorofa ya kumi uone.

— Nitafikaje na lifti mbovu? alisema Idrisa. Juzi nimepanda ngazi mbili nikakaa chini, mpagazi mwenye belo la mitumba kichwani akanipita na kunisalimia.

Alisema hivyo kwa kucheka, na wakacheka, lakini yeye aliikumbuka salamu ile. Shikamoo mzee, pole mzee. Alikuwa hajawahi kupewa pole na mtu aliyebeba belo.

Ami Hafidhi alikuwa amemaliza kiuno chake. Ni mtoto wa Waarabu wa Mchafukoge, kaka zake wana duka la vitenge, yeye akachagua dele, akisema dukani watu wanapunguza bei lakini kwenye kahawa wanaongeza maneno. Akanyoosha mkono akampa Idrisa mkia, na Idrisa akaupokea bila kuutazama, kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea chenji.

— Nyote mnazunguka mbali, alisema Ami Hafidhi. Pumzi ni riziki. Kila mtu kagaiwa fungu lake. Mwenzetu huyu fungu lake kalimwaga kwenye harusi za watu. Kaacha Tanga, kaacha Kigoma, nyingine zipo Ngazija kwa yule mwanamke wa mkoba. Leo inakuja harusi ya kwake, anapapasa, ghala tupu.

Wazo hilo lilikuwa zuri mno hata Pantaleo akasahau injini.

— Sasa Ami, alisema Mudi akisimama kabisa, kumbe zinaweza kurudi. Mapafu, ndoa ulizopuliza ambazo zimevunjika unazijua?

— Nyingi.

— Basi pumzi zile ziko huru. Haziko kwa mume, haziko kwa mke. Zinazurura tu. Tupige simu leo, yule Safari wa Ilala si alimwacha mkewe? Pumzi zake hizo. Yule wa Keko?

— Walirudiana.

— Noma. Hizo zimeliwa.

— Na wa Mchikichini je? Mlio si ulikatika? Hao pumzi hawajapewa hata zote, alisema Pantaleo, na benchi likatikisika kwa vicheko, Mudi akikohoa, Idrisa akikohoa zaidi, kila mmoja kwa zamu yake. Idrisa akavuta mkia apate kutulia.

Katikati ya kelele hizo ndipo alipotokea kijana wa kanzu iliyonyooshwa vizuri, ameshika funguo za gari, anatafuta uso anaoujua. Alikuwa Muaz, muuza mapazia wa Mtaa wa Swahili, ambaye Jumamosi angekuwa mkwe wa Idrisa. Hakuwahi kufika kijiweni hapo.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, walijibu wote, hata Mudi, ambaye kwa umri hakustahili.

— Samahani kwa kuwaingilia. Baba, Wafa kanituma, alisema Muaz. Ni habari ya gari. Nilipanga kulipaki pale pale mlangoni, yeye amekataa.

— Amekataa kwa nini? aliuliza Idrisa.

— Anataka lisimame mwisho wa uchochoro, kule kwenye bomba la maji. Anasema nikipaki mlangoni mlio wako utaisha haraka, na yeye ameusubiri tangu mdogo. Muaz akatabasamu kwa haya. Anasema tangu baba aache sigara pumzi zimerudi, basi atembee pole pole, aufaidi. Amewaambia mpaka mashangazi.

Idrisa aliujua uchochoro ule, maana aliupita kila siku, na siku hizi aliupita kwa vituo viwili, kimoja kwa fundi cherehani akijifanya anaulizia suruali. Akilini alimwona Wafa akitembea humo na shela lake, hana haraka, amemwachia baba yake mgongo kwa imani yote. Akausikia mlio ukikatika kabla ya cherehani.

Muaz naye, kwa kukosa pa kutazama, akatazama mkono wa baba mkwe wake. Moshi ulikuwa unapanda kutoka vidoleni, umenyooka, hauna wasiwasi.

— Samahani baba, alisema taratibu. Hiyo sigara ni ya nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo kwanza anaingia ukoo, alitaka tu kujua lipi la kuiambia nyumba.

— Ya Pantaleo hiyo, alisema Mudi.

— Yangu mimi nilikula kichwa, nikaiachia, alisema Pantaleo. Nimeshamaliza mimi. Muulize Ami.

— Mimi kiuno, alisema Ami Hafidhi. Kiuno kimekwisha, nimekitoa mkononi nyote mnaona.

— Na mimi nasaidia kuzima, alisema Idrisa, na mara hii alijisikia mwenyewe.

Muaz aliwatazama mmoja mmoja, akijitahidi kuelewa, kijana mwenye adabu zake.

— Kwa hiyo anayeivuta ni nani?

Hapo ndipo kijiwe kilipokwama. Pantaleo akatafuta jibu kwenye oili, hakuliona. Ami Hafidhi aliinama akapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Idrisa alinyoosha mkono kumpa Pantaleo mkia, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau. Pantaleo akaingiza mikono mifukoni. Idrisa akamgeukia Ami Hafidhi, Ami akashika dele kwa mikono miwili. Mudi akasogea nyuma ya benchi huku akikohoa. Basi ukabaki vidoleni mwa Idrisa, ukaanza kumuunguza, na alipoona hauna pa kwenda akauzamisha kwenye kikombe chake mwenyewe cha kahawa ambayo hakuwa ameigusa. Ukasema tss.

— Daktari sikumwambia habari za mikia, alisema.

— Hakukuuliza, alisema Pantaleo.

— Hakujua kama kuna watu wa namna yetu.

— Mimi nilidhani nakusaidia, kaka. Wallahi. Nilikuwa nakuwekea mkubwa.

— Najua. Ulikuwa unaniwekea mkubwa.

Pantaleo akaifikiria hesabu hiyo, halafu uso ukambadilika.

— Sasa kama wewe hupokei, na Ami hapokei, mimi itabidi nivute nzima?

— Si uvute, alisema Mudi.

— Nzima? Unataka kuniua?

Akasikia alichosema. Wote wakasikia. Ami Hafidhi akatikisa kichwa, akakichukua kile kikombe chenye mkia, akakimwaga mtaroni na kukisuuza kwa maji ya moto mara mbili.

— Baba, alisema Muaz, basi gari niliweke mlangoni? Wafa nitamweleza mimi. Nitasema uchochoro haupitiki, pana kifusi.

Idrisa alimtazama kijana huyu aliyekuwa tayari kuanza ndoa kwa kumfichia mkwewe kifusi kisichokuwepo. Akampenda papo hapo. Lakini siku tatu hazitoshi kurudisha pumzi za miaka, hata daktari hakumwahidi hivyo. Tarumbeta halikuwa na tundu, na hapakuwa na fundi mwingine wa kumpelekea.

— Paki kwenye bomba, alisema. Pale pale alipotaka.

— Mapafu, usijitie wazimu, alisema Mudi. Utaanguka mbele ya mashangazi.

Idrisa alishatoa simu. Akaweka spika, si kwa kujionyesha, bali kwa sababu simu yake haisikiki bila spika. Kariakoo ilikuwa inapiga kelele, kila mtu akainama.

— Robert.

— Naam, mzee wa kazi. Jumamosi freshi?

— Robert, mlio wa mlangoni. Wa Wafa. Nataka tuushike wawili. Naanza mimi, unapokea wewe, usikatike katikati.

Kwa miaka yote ya bendi hiyo, mlio wa mlangoni haujawahi kuwa wa watu wawili, na Robert alikuwa ameutamani siku nyingi bila kuuomba.

— Kaka, alisema Robert, na sauti ikashuka. Kwani unaumwa?

Benchi zima lilimtazama. Mudi alikuwa tayari na ghorofa zake, Pantaleo na injini, Ami na ghala, kila mmoja angeweza kumsaidia jibu.

— Naumwa, alisema Idrisa. Mapafu, na moyo. Sigara.

— Pole sana. Sasa nipokee wapi? Kwa fundi cherehani? Kwenye ule ukuta wa kijani?

— Sijui nitafika wapi, Robert. Wewe tembea karibu yangu. Nikikugeukia, ingia.